Kipima oksijeni cha kidoleni kwa mtoto mwenye lupus: miezi 18 ya kukitumia nyumbani

Kwa miezi 18 sasa nimekuwa nikikibana kifaa hiki, karibu kila siku, kwenye kidole cha binti yangu mwenye umri wa miaka 13 ambaye anaishi na lupus, na tathmini hii nawaandikia wazazi wenzangu ambao wamesimama mbele ya kabati la duka la dawa wakijiuliza kama wanunue au waziweke fedha zao kwa matumizi mengine. Jibu langu ni kwamba wanunue. Hata hivyo, kuna jambo moja kuhusu kifaa hiki ambalo halikuandikwa kwenye boksi lake, ambalo muuzaji hakunieleza, na ambalo mimi nilikuja kulielewa baada ya mwanangu kukaa siku mbili na maji kifuani huku nambari ikionyesha kwamba yuko salama.

Kifaa chenyewe ni kile kibanio kidogo cha plastiki, chepesi, kinachofunguka kama kibanio cha nguo. Kinauzwa kwa majina mengi ilhali umbo na maumbile ni yale yale, kwa hiyo sioni faida ya kutaja chapa niliyonunua. Nilikilipia shilingi 2,300 hapa Mombasa. Ndani ya boksi palikuwa na betri mbili ndogo za saizi ya AAA, kamba ya kukining'iniza shingoni, na karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo mno. Kioo chake kinaonyesha nambari mbili, moja ikiwa ni asilimia ya oksijeni iliyobebwa na damu, na nyingine ikiwa ni mapigo ya moyo kwa dakika, pamoja na mstari mdogo unaopanda na kushuka kufuata mapigo hayo. Mstari huo wengi huupuuza, nami niliupuuza mwanzoni, lakini ndio unaokuambia kama nambari iliyo juu yake ni ya kuaminiwa: ukiwa unayumbayumba au umelala tambarare, kifaa hakijaupata mshipa vizuri na nambari yake haina maana yoyote.

Nilikinunua kwa ushauri wa daktari wa mwanangu. Lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu vinavyotoka nje, inaugeukia mwili wenyewe. Takriban mgonjwa mmoja hadi wawili katika kila kumi huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 18, wengi wao wakiwa wasichana walio karibu kubalehe au waliokwisha kubalehe, na kwa watoto ugonjwa huwa mkali zaidi kuliko kwa watu wazima, hasa kwenye figo. Binti yangu alianza akiwa na miaka 11 kwa viungo kuvimba asubuhi na wekundu uliokaa juu ya pua na mashavu yote mawili, kisha protini ikaonekana kwenye mkojo. Figo ndizo tulizoziogopa. Mapafu hatukuyafikiria hata kidogo, mpaka siku ile daktari aliposema kwamba ugonjwa huu unaweza kuyagusa kwa njia nyingi, na kwamba dawa alizokuwa akianzishiwa, prednisoloni pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga, zingemfanya awe mwepesi wa kupata nimonia na kifua kikuu. Akatuambia tuwe na kipima joto na kipima oksijeni nyumbani, na daftari.

Inafaa kueleza kidogo jinsi kifaa kinavyofanya kazi, kwa sababu mapungufu yake yote yanatokana na hapo. Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili ndogo, moja ya rangi nyekundu inayoonekana na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, na upande wa pili kuna kipokezi. Damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo hunyonya mianga hiyo miwili kwa viwango tofauti, na kifaa hulinganisha kile kinachofika upande wa pili kila moyo unapopiga. Wazo hilo la kutumia mapigo ya mshipa lilitoka kwa mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kabla ya hapo kujua oksijeni ya mgonjwa kwa kawaida kulihitaji kuchoma sindano kwenye mshipa wa ateri, jambo ambalo mzazi yeyote aliyewahi kumshika mtoto wake akichomwa sindano hiyo mkononi hatalisahau. Kwa hiyo kinachopimwa ni mwanga uliopita kwenye kidole. Mapafu yenyewe hayajaguswa.

Tukianzia kwenye kidole, watoto wengi wenye lupus wana vidole vinavyogeuka vyeupe au vya samawati wakipata baridi, hali iitwayo Raynaud, kwa sababu mishipa midogo hujibana kupita kiasi. Mtu anaweza kudhani kwamba katika joto la Mombasa hilo halitatokea. Linatokea. Binti yangu akitoka kuoga alfajiri, au akikaa chini ya feni, vidole vyake huwa baridi kama aliyeshika barafu, na kifaa hutoa 88, halafu 93, halafu mistari mitupu isiyo na nambari. Wiki ya kwanza nilikimbia naye hadi barabarani kutafuta tuktuk kwa ajili ya 88 ya namna hiyo. Sasa tunajua kwamba kwanza anakaa, anaifunika mikono yake kwa leso kwa dakika tano, anaiweka juu ya mapaja, ananyamaza bila kuitikisa, na nambari tunaiandika baada ya kutulia kwa muda wa sekunde 30 au zaidi.

Jambo la pili ni la kwetu sisi wa pwani. Harusi ya binamu yake ilipofika, alipakwa hina na piko kama wasichana wenzake, na ncha za vidole zikawa nyeusi tititi. Kifaa kilikataa kabisa kwenye vidole vilivyopakwa piko, na pale kilipokubali kilitoa nambari za chini ambazo hazikulingana na hali yake. Hina ya kawaida nyekundu haikutuletea shida kubwa, lakini weusi wa piko huzuia mwanga, sawa na rangi ya kucha iliyokoza. Tangu siku hiyo tumekubaliana naye kwamba kidole cha kati cha mkono wa kulia hakipakwi kitu. Anapakwa kwenye viganja na miguu kama kawaida, na nakshi zake hazikosi mtu wa kuzisifu.

La tatu ni zito zaidi, na linahusu ngozi zetu. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yaliyolinganisha vifaa vya aina hii na kipimo cha damu ya ateri, wakiangalia nyakati ambapo kifaa kilisema 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya nyakati hizo damu ilikuwa kwa kweli na oksijeni iliyo chini ya 88, ilhali kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Mapema mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu jambo hilo. Kwa lugha nyepesi, kifaa huelekea kumsifia mtu mweusi oksijeni ambayo hana. Ongeza juu ya hapo kwamba vifaa vya bei hii huweza kukosea kwa pointi mbili juu au chini hata kidole kikiwa kizuri. Ndiyo sababu daktari wetu alituwekea mpaka wa kututoa nyumbani kuwa 94 badala ya kungoja 90, na akasisitiza kwamba mtelemko ni muhimu kuliko nambari moja: mtoto ambaye kwa miezi amekuwa akisoma 98, siku akisoma 95 mara tatu mfululizo na vidole vikiwa na joto, ana habari ya kutuambia.

Na mtelemko huo ndio ulioturudishia gharama ya kifaa mwezi wa pili tu tangu kukinunua. Ilikuwa usiku wa Jumanne, homa haikuwa kubwa kwa sababu prednisoloni huificha homa, na mtoto mwenyewe alikuwa akisema amechoka tu. Saa mbili usiku alisoma 95, saa nne 93, na saa sita kasoro akasoma 91 huku mapigo ya moyo yakiwa 128. Bila ile nambari ningemwacha alale mpaka asubuhi. Tulipofika hospitali walimwekea oksijeni kabla hata ya kumwandikisha, na picha ya eksirei ikaonyesha nimonia kwenye sehemu ya chini ya pafu la kushoto. Alilazwa siku tisa. Kwa hilo peke yake kifaa hiki kinastahili nyota zote, na kama tathmini yangu ningeiandika mwezi ule, ningesimama hapo hapo.

Miezi minne baadaye alianza kushika ubavu wa kulia. Alikuwa na neno moja tu la kueleza: "Mama, nikivuta pumzi ndefu panachoma." Mama yangu mzazi, ambaye hajasomea udaktari, alisikia akasema papo hapo, "Hicho ni kichomi." Nilibana kifaa. Kilisoma 97. Nilirudia kwa kidole kingine, 97. Nikashusha pumzi, nikampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Usiku huo alilala ameketi, mgongo wake ukiegemea mito mitatu, akiinamia upande wa kulia kama mtu anayelinda kitu, na mimi nikamwona, nikabana tena kifaa, nikasoma 97, nikarudi kitandani. Jambo hilo bado linaniuma.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya kilicho karibu, ambacho sitakitaja. Tabibu alimbana kifaa chake, kikasoma 97 kama chetu, akamsikiliza kifua kwa haraka juu ya nguo, akaniambia, "Mama, oksijeni yake ni nzuri kabisa, mapafu hayana neno," na akatuandikia dawa ya kikohozi ilhali mtoto hakuwa akikohoa. Nilimweleza kwamba ana lupus. Alijibu kwamba maumivu ya misuli ni ya kawaida kwa wagonjwa hao. Sikubisha, kwa sababu nambari ilikuwa upande wake. Ilipofika siku ya pili, nilipomwona hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati, tulikwenda hospitali ya rufaa, na huko daktari wa watoto hakukimbilia kidole kwanza. Alimvua mtoto kanga, akaketi mbele yake akiwa na saa, na kwa dakika nzima akahesabu pumzi bila kusema neno. Zilikuwa 34. Mtoto wa umri wake akiwa ametulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 hivi. Kisha akagonga mgongo kwa kidole, juu, katikati, chini, na nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe jinsi sauti ilivyobadilika upande wa kulia chini, kutoka mlio wa ngoma kuwa mlio wa ukuta. "Hapa pana maji," akasema.

Picha za eksirei na za mawimbi ya sauti zilithibitisha. Utando unaoyafunika mapafu ulikuwa umewaka kwa sababu ya lupus, na maji yalikuwa yamejikusanya kati ya tabaka mbili za utando huo. Walitoa kiasi kidogo kwa sindano, kwa sababu katika nchi zetu maji ya kifuani hayawezi kuhukumiwa kuwa ya lupus kabla ya kuuondoa uwezekano wa kifua kikuu, na majibu yaliporudi bila kifua kikuu wakaongeza kiwango cha prednisoloni. Maumivu yalipungua ndani ya siku tatu. Kuvimba huko kwa utando ndiko tatizo la mapafu linalowapata zaidi watoto wenye lupus kuliko mengine yote, na dalili yake kubwa ni ile ile aliyoitaja bibi yake bila kifaa chochote.

Nilimwuliza daktari inakuwaje kifaa kiseme 97 hali mtoto ana maji. Maelezo yake ndiyo ninayotaka kila mzazi anayenunua kibanio hiki ayachukue pamoja nacho. Mapafu yana akiba kubwa. Sehemu moja ikiziba au ikibanwa, nyingine hufanya kazi zaidi, na mtoto huvuta pumzi fupi za haraka ili kufidia kile kilichopotea, kwa hiyo damu huendelea kufika kidoleni ikiwa imejaa oksijeni. Ile 97 ilikuwa ya kweli, lakini mtoto alikuwa akiilipia kwa pumzi 34 kwa dakika, kwa usingizi wa kukaa na kwa misuli ya shingo iliyokuwa ikichomoza kila alipovuta. Kifaa kinaonyesha bidhaa iliyofika sokoni, hakionyeshi mbebaji alivyochoka.

Tangu hapo nimejifunza kuyatenganisha matatizo ya mapafu ya lupus kwa jinsi yanavyoonekana kwenye kile kioo kidogo. Nimonia, iwe ya vijidudu au ile adimu na kali ambayo lupus yenyewe huiwasha ndani ya mapafu, huiangusha nambari, tena wakati mwingine kwa saa chache. Damu ikivuja ndani ya mapafu, jambo ambalo ni nadra lakini ni la hatari sana, nambari pia huanguka, na hapo ni kosa kungoja mtoto ateme damu, kwa sababu wengine hawatemi hata tone; wanapauka, himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, inashuka ghafla, pumzi inakata. Donge la damu linaloziba mshipa wa mapafu huwaandama hasa wale ambao vipimo vyao vimeonyesha kingamwili zinazogandisha damu, na mtoto wa namna hiyo akipata maumivu ya kifua ya ghafla au mguu mmoja ukivimba, haifai kukitafuta kifaa kwanza, ni kutafuta gari. Shinikizo likipanda kwenye mishipa ya mapafu, kwa muda mrefu nambari ya mtoto aliyeketi huweza kuwa ya kupendeza huku akizimia akipanda ngazi. Na kuna tatizo la mwisho, ambalo lilitupata sisi, ambapo kifaa chetu hakikusema lolote kwa miezi mitatu.

Baada ya kichomi kupona, binti yangu hakurudi alivyokuwa. Shule yao ina ghorofa mbili, na alianza kusimama kwenye kila kituo cha ngazi. Alikataa kuswali akiwa amesimama kwa rakaa zote, akasema akiinama na kuinuka pumzi haimfuati. Jirani mmoja akasema ni pumu, tukapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo ambayo haikusaidia kitu. Daftari langu la miezi ile linasikitisha kulisoma: 97, 96, 97, 97, 96, 98. Kama ningeliamini peke yake, ningemwona mtoto mvivu, na nakiri kwamba kuna siku nilimwambia neno hilo.

Daktari aliiangalia picha mpya ya eksirei, mapafu yakawa masafi, hayana maji wala alama ya nimonia. Kilichomshtua ni kwamba yalikuwa madogo. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kilikuwa kimepanda juu pande zote mbili. Akatutuma Nairobi kupimwa nguvu ya mapafu, na kwa kuwa tathmini hii ni ya huduma pia na si ya kifaa peke yake, naomba nikieleze kipimo hicho kwa urefu, maana ndicho kilichofanya kazi ambayo kibanio hakiwezi.

Mtoto huketi wima kwenye kiti, pua yake hubanwa kwa kibanio laini, na mdomoni huwekewa bomba la karatasi ngumu lililounganishwa na mashine. Fundi aliyetuhudumia, kijana mpole mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alimwonyesha kwanza kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akaanza: "Vuta, vuta, vuta, vuta zaidi, sasa puliza kwa nguvu! Endelea, endelea, endelea, usiache, endelea!" Binti yangu alipuliza mpaka machozi yakamtoka, akakohoa, akarudia. Inahitajika angalau mipulizo mitatu iliyo mizuri na inayokaribiana, kwa hiyo alipuliza mara saba. Ni kazi ngumu kwa mtoto mwenye maumivu, na kwa kawaida watoto walio chini ya miaka mitano au sita hawaiwezi kwa usahihi. Lakini hakuna sindano, na mtu hutoka na karatasi papo hapo.

Mashine ililinganisha hewa aliyoweza kuipuliza na ile inayotarajiwa kwa msichana wa umri na urefu wake. Alikuwa na asilimia 56. Wakati anapuliza, kile kibanio chetu kilikuwa kwenye pochi yangu, na kwa hamaki nilikitoa nikambana kidoleni hapo hapo kwenye kiti. Kilisoma 95.

Walimfanyia pia kipimo cha pili, ambacho hakipatikani kila mahali, cha kuona kama gesi inapita vizuri kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu: mtoto huvuta hewa yenye kiasi kidogo sana cha gesi maalumu, huishikilia kwa takriban sekunde 10, kisha huiachia. Ikilinganishwa na udogo wa mapafu yake, gesi ilikuwa ikipita vizuri, na picha ya CT, ile eksirei inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande, haikuonyesha makovu. Maana yake ni kwamba nyama ya mapafu ilikuwa nzima, ila mvukuto wa kuyajaza ulikuwa umedhoofika. Madaktari wanaiita hali hiyo mapafu yanayosinyaa, nayo imejulikana tangu mwaka 1965. Ni nadra, kwa watoto ni nadra zaidi, na mara nyingi hufuata kichomi ambacho kimemzoesha mgonjwa kuogopa pumzi ndefu. Aliongezewa dawa za kutuliza kinga, akapewa dawa za maumivu kwa ratiba ili asiiogope pumzi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamfundisha kupumua kwa tumbo, mkono mmoja kifuani na mwingine kitovuni, mara nne kwa siku. Baada ya miezi mitano tulirudi Nairobi, akapuliza, ikawa asilimia 71. Ngazi za shule anazipanda bila kituo.

Huduma hiyo naipa sifa na ninaieleza na kasoro zake. Ni ghali kwa familia ya kawaida. Kutoka Mombasa ni safari ya treni ya takriban saa tano au zaidi na malazi ya usiku mmoja. Karatasi ya majibu ilikuwa na herufi za vifupisho na grafu ambazo hakuna aliyetueleza siku hiyo, na ingefaa sana kama kungekuwa na nusu ukurasa kwa Kiswahili wa kumwambia mzazi nambari ipi aiangalie. Daktari wetu sasa ameamua kwamba binti yangu apimwe mara mbili kwa mwaka hata akiwa mzima, kwa sababu watoto wengi wenye lupus hukutwa na upungufu kwenye kipimo hiki bila kuwa na dalili yoyote. Ningependa kila mtoto mwenye lupus apimwe hivyo mapema baada ya ugonjwa kugunduliwa, ili kuwe na nambari ya mwanzo ya kulinganishia. Sisi hatukuwa nayo.

Kuhusu ile 95 ya Nairobi, niliogopa bure. Jiji lile liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hewa yake ni nyepesi, na hata mimi niliye mzima nilipojibana nilisoma 95 badala ya 98 ninayosoma nikiwa nyumbani pwani. Anayesafiri kutoka pwani kwenda Nairobi, Arusha au nyanda nyingine za juu ajipime yeye mwenyewe pia, ndipo aisome ya mtoto.

Leo tunakitumia hivi. Asubuhi moja na jioni moja, vidole vikiwa na joto, naandika oksijeni, mapigo na hesabu ya pumzi za dakika nzima, na hii ya tatu naihesabu kabla ya kubana kifaa ili nambari isinishawishi. Mara moja kwa wiki anatembea kwenye ujia wa nyumba kwa dakika sita, na tunapima mara tu anaposimama, kwa sababu pafu lenye shida hujificha mtoto akiwa amekaa na hujitokeza akitembea. Daktari alitutaka tumpigie simu ikishuka kwa pointi nne. Pembeni ya nambari kuna safu ambayo binti yangu anaijaza mwenyewe kwa mkono wake, kuhusu jinsi anavyojisikia. Wiki iliyopita aliandika: "Nimecheka na haikuuma."

Kuhusu uimara wa kifaa, sina malalamiko makubwa. Betri hudumu takriban miezi miwili kwa matumizi yetu. Mpira laini wa ndani ulichanika upande mmoja mwezi wa 14 na mwanga wa nje ukawa unaingia, kwa hiyo nambari zikayumba kwenye jua. Nikifunika mkono kwa leso tatizo huisha. Duka lilikuwa limenipa dhamana ya miezi sita tu. Kwa mtoto mdogo mwenye vidole vyembamba, kibanio cha mtu mzima hulegea na kudanganya, na ni lazima kutafuta cha saizi ya watoto, ambacho hapa Mombasa nilikiona katika maduka mawili pekee, kwa bei ya karibu mara mbili. Mwombeni mfamasia ambane mtoto kifaa pale pale dukani, kisha ajibane yeye, na mlinganishe mstari wa mapigo kabla ya kulipa. Na ombeni kukilinganisha na mashine ya hospitali siku ya kliniki inayofuata. Chetu kilitofautiana kwa pointi moja.

Ninakipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeiweka kando kwa ajili ya saa ya ukutani yenye mkono wa sekunde, niliyoinunua kwa shilingi 450 baada ya siku ile ya maji, na ambayo nimeitundika mkabala na kitanda chake mahali ninapoweza kuiona nikiwa nimeketi karibu naye usiku, nikihesabu.